Kazi Inayofunikwa na Plasta

Seremala akimaliza kabati, mwenye nyumba hulifungua na kulifunga mpaka aridhike. Fundi rangi akiacha doa, linaonekana kabla hajakunja ngazi yake. Kazi ya fundi umeme wa majumbani haikaguliwi hivyo. Mabomba yakishalazwa ukutani na nyaya zikavutwa, huja fundi ujenzi na plasta yake, na kuanzia siku hiyo sehemu kubwa ya kazi haionekani tena. Mwenye nyumba hubaki na swichi, soketi na taa. Akibonyeza na taa ikawaka, anaamini amefanyiwa kazi nzuri.

Lakini taa huwaka hata katika nyumba ambayo bati la friji lina umeme. Huwaka hata pale ambapo waya wa ethi umeishia ndani ya ukuta bila kufika ardhini. Ndiyo maana nasema fundi aliyejiajiri katika kazi hii huuza uaminifu kwanza, ujuzi baadaye. Na kubwa nililojifunza tangu nishike bisibisi ni kwamba uaminifu huo hauthibitishwi kwa kuapa wala kwa maneno matamu. Una vipimo vyake, husomwa kwenye mita, na huweza kuandikwa kwenye karatasi.

Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza, nikiwa saidia fundi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, na jirani yetu pale Mbagala alikuwa fundi umeme, mtu mzima, aliyehitaji kijana wa kubeba ngazi, kuchimba ukuta kwa nyundo na patasi, na kuvuta waya ndani ya bomba. Nilitaka hela ya sabuni na nauli tu. Kilichonifanya nibaki ni kumwona yule mzee akihangaika na vitu ambavyo hakuna mteja ambaye angeviona. Akikata bomba la plastiki kwa msumeno, alichukua tupa na kusugua mdomo wa bomba mpaka ukawa laini, kwa sababu ukingo mkali huchuna ganda la waya wakati wa kuvuta. Kwenye kiboksi cha bati cha soketi, kila tundu lililopitisha waya alilivisha mpira. Ndani ya kiboksi hicho hicho alikaza kipande kifupi cha waya wa kijani na njano kutoka kwenye soketi hadi kwenye bati, ili bati nalo liwe na ethi. Skrubu ikishakazwa, aliuvuta waya kwa vidole aone kama utachomoka.

Jioni moja giza lilikuwa limeshaingia na viboksi vichache vilikuwa bado. Nikamwambia, "Mzee, hivi vya nyuma ya kabati si vitafunikwa kesho?" Hakunikaripia. Alisema, "Mwanangu, vikishafunikwa hutarudi kuvitazama. Ndiyo maana tunavitazama leo." Tukawasha tochi, tukamaliza.

Mzee alijua kinachotakiwa kufanyika, ila alipoulizwa sababu mara nyingi alijibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Sababu nilizikuta VETA. Mamlaka hiyo ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake cha Chang'ombe, Dar es Salaam, kimewatoa mafundi wa kila fani. Nilijiunga kwa akiba niliyoiweka kidogo kidogo. Mikono yangu ilikuwa tayari inaijua kazi, lakini kichwa hakikuwa na hesabu, na hesabu moja ya darasani ndiyo iliyonifanya niiheshimu kazi hii kwa namna nyingine kabisa.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Chukua nyumba ambayo ethi rodi yake imepigwa kwenye udongo mkavu, na ukinzani kati ya rodi na ardhi ni omu 100. Ndani ya friji, waya wa laivu umechubuka na kugusa bati. Umeme utakaokimbilia ardhini ni 230 ugawe kwa 100, yaani ampea 2.3. Saketi breka ya soketi ni ya ampea 32. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ni ya ampea 13. Ampea 2.3 haziwezi kuiangusha breka wala kuikata fyuzi. Friji litaendelea kugandisha, redio itaendelea kuimba, na bati la friji litakuwa na karibu volti zote 230, likimngoja mtoto aliyetoka kuoga, hajajifuta miguu wala kuvaa ndala.

Angalia kwamba katika nyumba hiyo rodi imenunuliwa, imepigwa, na waya wa kijani na njano umeunganishwa. Mteja amelipia ethi na ethi ipo. Bado nyumba inaweza kuua. Kinachookoa hapo ni kifaa tunachokiita RCD, kinachokaa kwenye meni swichi na kulinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata umeme wa nyumba kabla hata sekunde nusu haijapita. Zile ampea 2.3 ambazo breka haizioni kabisa, kwa RCD ni zaidi ya mara 70 ya kiwango chake. Nilitoka darasani siku ile na hofu, na mpaka leo naishukuru. Fundi asiyeuogopa umeme kwa hesabu huuogopa siku umeshamrusha yeye au mwenzake.

Nawaambia pia vijana waliojifunza kwa mikono kama mimi kwamba hakuna haja ya kukata tamaa kwa sababu hukuanzia chuoni. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Unapimwa kwa vitendo na kwa maswali, unaelekezwa pale penye pengo, kisha unapewa cheti. Mafundi wengi wazuri wa mitaani hawaujui utaratibu huu, na wanazeeka na ujuzi ambao hawawezi kuuthibitisha popote.

Cheti, hata hivyo, kinaonesha tu kwamba umefundishwa. Ruhusa ya kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu kwa malipo hutoka kwa EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, inayotoa leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Leseni zimepangwa kwa madaraja. Ya chini ni ya kazi ndogo za nyumba, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyoruhusiwa kugusa mizigo mikubwa, viwanda na volti za juu. Mteja anapoomba kuunganishiwa umeme na TANESCO, shirika la umeme, wayaringi ya nyumba yake inatakiwa iwe imefanywa na mkandarasi mwenye leseni, na mkandarasi huyo aweke muhuri wake.

Muhuri huo una soko lake la kificho. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anafunga nyumba nzima, kisha anamtafuta mwenye leseni amgongee muhuri kwa malipo. Aliyegonga hajawahi kukanyaga kwenye nyumba ile. Leseni yangu ilipotoka, simu za namna hiyo zilinifikia kabla ya simu za wateja. Nilikuwa na shida ya fedha, kama kila anayeanza. Jibu langu lilikuwa moja: nitakuja na mita, nitapima mwenyewe, penye kasoro tutarekebisha, kisha nitagonga. Wengi hawakupiga tena. Sikuwalaumu sana, kwa sababu na wao walikuwa wakitafuta riziki, lakini jina langu lingekuwa kwenye fomu ya nyumba ambayo sijui nyuma ya plasta yake kuna nini.

Nyumba moja ya Chamazi ilinionesha kwa nini. Mama mwenye nyumba alikuwa ameachwa na fundi aliyechukua fedha akatokomea, kazi ikiwa imebaki sehemu ndogo. Kuta zilikuwa zimepigwa plasta na rangi, mapazia yametundikwa, na alitaka nimalizie ili aombe umeme. Nikamwomba kwanza nipime kilichokwishafanyika. Nilitoa balbu zote, nikahakikisha hakuna kifaa kilichochomekwa, nikawasha swichi zote, kisha kwenye meni swichi nikaunganisha laivu na nyutro pamoja na kuzipima dhidi ya ethi kwa mega. Kifaa hicho husukuma volti 500 kwenye nyaya ili kuona kama ganda lake linazuia umeme usivuje. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, na nyumba mpya yenye waya mzuri husoma juu zaidi ya hapo. Pale mita ilisoma chini sana ya kiwango.

Nikaanza kutenganisha saketi moja baada ya nyingine. Za taa zilikuwa nzima. Soketi za sebuleni nzima. Tatizo lilikuwa kwenye soketi za vyumba vya kulala. Nikafungua soketi ya katikati, nikaachanisha waya, nikapima upande huu na upande ule, mpaka kasoro ikabaki kati ya soketi mbili za chumba kikubwa. Kwenye ukuta hakukuwa na alama yoyote. Nikatazama soketi, nikatazama dirisha, nikashuku kwamba waya haukupanda wima kutoka kwenye soketi, bali umekatiza kwa mshazari kupita juu ya kona ya dirisha, njia fupi inayookoa mita kadhaa za waya. Hapo hapo juu ya kona palikuwa na mshikio wa bomba la pazia, bomba la chuma. Nilipoifungua skrubu ya chini, ncha yake ilitoka na chembe nyekundu za shaba.

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo fundi, hili bomba la pazia nalishika kila asubuhi?" Ndiyo. Umeme ungewashwa, angelishika kila asubuhi likiwa na laivu.

Fundi wa mapazia hakuwa na kosa lolote. Kanuni tunazozifuata, ambazo asili yake ni Uingereza, zinataka waya uliofichwa ukutani upande wima au uende mlalo kutoka kwenye swichi au soketi, ili yeyote atakayekuja baadaye na drili aweze kukisia waya ulipo kwa kutazama tu ukuta. Mshazari unamnyima mtu huyo nafasi ya kujilinda. Tulichimba mfereji mpya, tukavuta waya mpya wima, nikapima tena mbele ya mwenye nyumba, na safari hii mita ilipanda mpaka mwisho wa kipimo chake. Nikamwonesha namba ya kwanza na ya pili. Hakuwa amesoma umeme, lakini alizielewa mara moja.

Tangu hapo nimewapimia wateja wakiwa wamesimama pembeni yangu, na hilo limenisaidia hata kwenye mambo ya fedha. Kigamboni kuna maeneo ya mchanga mtupu, na mchanga mkavu hauupokei umeme vizuri. Rodi moja fupi pale inaweza kusoma mamia ya omu. Mafundi wengi wa zamani walikuwa wakimwaga chumvi na mkaa kwenye shimo. Chumvi hushusha kipimo kwa muda, halafu mvua huisomba, na yenyewe huila rodi taratibu. Dawa ya kudumu ni kwenda chini zaidi kwenye udongo wenye unyevu, au kuongeza rodi ya pili mbali kidogo na ya kwanza na kuziunganisha. Hiyo ni gharama zaidi, na mteja ana haki ya kuuliza kwa nini jirani yake alipigiwa rodi moja tu. Badala ya kubishana, humwonesha mita kabla na baada. Akiona namba imeshuka, hulipa bila kinyongo, na mara nyingine jirani naye huita.

Wengi wetu hutoza kwa pointi, yaani kwa kila taa, swichi au soketi. Ni njia rahisi ya kukubaliana, ila ina mtego wake. Fundi anayelipwa kwa idadi ya pointi hapati chochote kwa ethi nzuri wala kwa muda wa kupima. Mimi huandika upimaji kama kazi inayojitegemea kwenye makadirio, yenye bei yake. Wapo wanaouliza kwa nini, nami huwaeleza. Wapo wanaoondoka na kwenda kwa wa bei ndogo. Nimekubali kuwapoteza hao, kwa sababu ukishusha bei mpaka muda wa kupima ukapotea, umebaki ukiuza mapambo ya ukutani.

Mtego mwingine uko dukani. Yapo maduka yanayompa fundi cha juu kwa kila mteja anayemleta, na cha juu kikubwa mara nyingi huwa kwenye waya mbaya. Sokoni kuna nyaya zilizoandikwa 2.5, yaani milimita za mraba, ambazo shaba yake ni nyembamba kuliko maandishi, na nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa macho zinafanana na nzima. Nimejizoeza kwenda dukani na wembe, kipimo cha unene na mita. Kwanguo moja la wembe linatosha: ndani pakiwa peupe, si shaba. Waya wa 2.5 wenye uzi mmoja unatakiwa uwe na unene wa karibu milimita 1.78, na wa 1.5 karibu milimita 1.38. Roli la mita 100 la shaba halisi ya 2.5, ukipima uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mita inayosoma omu ndogo, linatakiwa lisome takriban omu 0.75. Likisoma moja na nusu, shaba iliyomo ni nusu ya uliyolipia, au si shaba. Muuza duka akikataa usipime, hilo nalo ni jibu.

Mambo haya yana uzito zaidi leo kuliko nilipoanza. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na umeme ni mojawapo ya njia. Nalifurahia jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona moshi wa mkaa unavyowachosha mama zetu. Lakini jiko na shawa ya maji ya moto si balbu. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24 muda wote inapofanya kazi. Nimeitwa kwenye nyumba ambapo shawa ya namna hiyo imeunganishwa kwenye waya wa taa wa 1.5, na ganda la waya limeiva mpaka linakatika kwa kidole. Breka ilikuwa ikianguka, mtu akabadilisha breka akaweka kubwa, badala ya kubadilisha waya. Hapo kinga iliondolewa na moto ukaachiwa njia. Shawa hiyo inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, milimita 4 za mraba au, ambavyo napendelea, 6, na breka inayolingana na waya. Nyumba nyingi zilizofungwa zamani kwa taa na redio zitaombwa sasa kupika na kuchemsha, na mafundi waaminifu watahitajika kuliko wakati wowote.

Kwa kijana anayetaka kujiajiri katika kazi hii, ningemwambia anunue mita nzuri kabla ya pikipiki. Atafute mzee wa kumfundisha mikono na darasa la kumfundisha sababu, maana kimoja bila kingine hakitoshi. Aipate leseni yake kihalali na auchunge muhuri wake kama anavyouchunga mwili wake. Na kila nyumba anayoimaliza, abandike karatasi ndani ya mlango wa meni swichi yenye tarehe, jina lake, namba ya leseni na simu, kila saketi na ukubwa wa waya na breka yake, omu za ethi, megaomu za ganda la waya, na matokeo ya RCD. Karatasi hiyo humfunga yeye kwanza. Pia humsaidia fundi mwingine atakayekuja miaka ijayo, asianze kwa kubahatisha.

Na wewe mwenye nyumba, una nguvu kuliko unavyodhani. Omba kuiona leseni kabla ya kutoa advansi. Sema mapema kwamba utapenda kuwepo wakati wa kupima. RCD ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara kwa mara, na siku isipokata, mwite fundi siku hiyo hiyo. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka fundi akukabidhi karatasi ya vipimo na kukusomea mstari kwa mstari.